Mvuje, Majivu na Mwarobaini: Historia ya Kuhifadhi Mikunde kwa Mimea

Historia ya kilimo imeandikwa zaidi kwa upande wa shamba kuliko upande wa ghala, ingawa katika kaya nyingi ghala ndilo lililoamua kama chakula kingefika msimu wa mavuno yanayofuata au kingekatikia njiani. Upungufu huo unaonekana wazi katika mazao ya jamii ya mikunde, yaani kunde, maharage, choroko, mbaazi, dengu, fiwi na njugu mawe, ambayo kwa watu wasiokula nyama mara kwa mara yamekuwa nguzo ya lishe kwa maelfu ya miaka. Punje kavu za kunde na maharage hubeba protini ya kiasi cha asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake, na utajiri huo uliowavutia wanadamu uliwavutia pia wadudu, hata ushindani wa pande hizo mbili ukazaa elimu ya kulinda mikunde kwa majani, mbegu, mafuta, majivu na moshi. Elimu hiyo ilianzia katika uzoefu wa wakulima, ikawekwa kando dawa za viwandani zilipoingia, kisha ikarudiwa na wanasayansi waliotaka kujua sababu ya kufaa kwake. Katika safari hiyo ndefu ilidhihirika kwamba mmea haulindi ghala kwa sifa ya jina lake, bali kwa aina yake halisi, kipimo chake, wakati wa kuutumia na tabia ya mdudu anayekabiliwa.

Mdudu na punje

Wakulima wa Afrika Mashariki huwaita fukusi karibu wadudu wote wadogo wanaobungua nafaka na mikunde ghalani, lakini wataalamu wa wadudu huwatenga katika makundi zaidi ya moja. Fukusi wa mahindi na mchele ana mdomo mrefu uliochomoza mbele ya kichwa, ilhali fukusi wa mikunde ni mbawakavu mfupi na mnene asiye na mdomo huo, wa kundi liitwalo Bruchinae, ambalo mabuu wake hukulia ndani ya mbegu. Spishi nne ndizo zilizotawala historia ya hasara ghalani: Callosobruchus maculatus, fukusi wa kunde, aliyeelezwa kisayansi na Fabricius mwaka 1775, Callosobruchus chinensis, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758 na anayependa choroko na dengu, Acanthoscelides obtectus, fukusi wa maharage, aliyeelezwa na Thomas Say mwaka 1831, na Zabrotes subfasciatus, mshambuliaji mwingine wa maharage, aliyeelezwa na Boheman mwaka 1833.

Uharibifu wa punje hufanywa na buu, kwa kuwa mdudu mzima anaweza kuishi ghalani wiki moja hadi mbili bila kula chochote, akitumia muda huo kujamiiana na kutaga. Jike la fukusi wa kunde hubandika mayai yake, ambayo huweza kufikia 100 hivi, moja moja juu ya ganda la punje. Buu akianguliwa hupekecha kutoka chini ya yai moja kwa moja hadi ndani ya punje bila kujitokeza nje, hula humo hadi akomae, na baada ya wiki tatu au nne hivi katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi hutoka akiwa mdudu kamili kupitia tundu la mviringo. Fukusi wa maharage, Acanthoscelides, hana desturi hiyo, kwani hutawanya mayai yake kati ya punje bila kuyabandika, na buu wake mchanga hutembea akitafuta mahali pa kuingilia. Jambo jingine, lililo muhimu kuliko yote kwa mhifadhi, ni kwamba mashambulizi huanza shambani, kwa sababu majike huruka hadi kwenye maganda yanayokauka na kutaga humo, hivyo mkulima huingiza ghalani mavuno yanayoonekana safi huku yamekwisha kubeba mayai na mabuu.

Wadudu hawa walisafiri pamoja na vyakula vya watu. Kunde zilianza kulimwa kutoka mimea ya porini barani Afrika, na miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa kunde zilizolimwa ni mabaki yaliyochimbuliwa katikati ya Ghana, katika maeneo ya utamaduni wa Kintampo, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Choroko zilitoka Asia, na mabaki yake yamepatikana pamoja na mpunga katika makazi ya Komoro na Madagaska ya karne ya 8 hadi ya 10 BK, wakati ambapo Bahari ya Hindi ilikuwa njia ya majahazi, lugha na mbegu. Maharage yalitoka Amerika na kufika Afrika baada ya Wareno kuunganisha mabara hayo kwa meli kuanzia karne ya 16, na fukusi wake wa Amerika nao wakafuata shehena. Matokeo yake ni kwamba ghala la mkulima wa Afrika Mashariki, lenye kunde, choroko na maharage, lilikusanya maadui wenye asili ya mabara matatu.

Ghala la kale

Miongoni mwa maelekezo ya maandishi yaliyo ya kale zaidi kuhusu kulinda mikunde kwa mimea, ambayo bado yanasomeka kwa ukamilifu, ni yale yaliyotoka Roma. Marcus Porcius Cato, mwanasiasa na mwenye mashamba aliyeishi kati ya 234 na 149 KK, aliandika kitabu cha kilimo kiitwacho De Agri Cultura, na humo alieleza namna ya kuhifadhi dengu ndogo, zile ambazo Waswahili wengi huziita adesi. Aliagiza kwamba utomvu wa mmea ulioitwa laserpicium uyeyushwe katika siki, adesi zichanganywe na siki hiyo na kuanikwa juani, kisha zisuguliwe kwa mafuta na kuachwa zikauke. Mmea huo wenye harufu kali uliotoka Kirene, katika Libya ya leo, ulikuwa karibu kutoweka kufikia karne ya 1 BK, na nafasi yake ikachukuliwa na jamaa yake kutoka Uajemi, yaani mvuje, ambao hadi leo unauzwa kwa waganga na wauza viungo wa pwani ya Afrika Mashariki. Cato alieleza pia kwamba matope yaliyokandwa kwa masimbi ya mafuta ya zeituni yapakwe kwenye kuta na sakafu ya ghala ili fukusi na panya wasilisogelee.

Karne mbili baadaye Columella, mwandishi mwingine wa kilimo, mzaliwa wa Gades, mji wa Hispania unaoitwa leo Cádiz, alitoa maelekezo yaliyo kamili zaidi. Aliagiza adesi zilizopurwa zitumbukizwe majini ili zilizo tupu zielee na kuondolewa, zilizobaki zianikwe, zisuguliwe kwa mzizi wa silfio, yaani mmea uleule wa laserpicium, uliotwangwa pamoja na siki, zianikwe tena na kupoa, ndipo zihifadhiwe. Zikiwa nyingi ziwekwe ghalani, na zikiwa chache zitiwe katika mitungi iliyokwisha kutumika kwa mafuta au samaki wa chumvi, ijazwe na kuzibwa mara moja kwa jasi. Aliongeza kwamba adesi huweza kuhifadhiwa vizuri hata bila dawa hiyo, mradi zichanganywe na majivu. Aya hiyo fupi ya karne ya 1 BK inakusanya karibu mbinu zote ambazo utafiti wa karne ya 20 ungezipima moja baada ya nyingine: kuchambua punje zilizobunguliwa, kukausha, kutumia mmea wenye harufu na ukali, kuzuia mwendo wa mdudu kwa majivu, na kumnyima hewa kwa chombo kilichozibwa.

Mbinu za jamaa hiyo zilikua pia mahali ambapo kitabu cha Columella hakikufika. Nchini India majani makavu ya mwarobaini yaliwekwa ndani ya mitungi ya nafaka, na mikunde ya chakula na ya mbegu ilipakwa mafuta ya mbarika au ya haradali, huku mbaazi za mbegu katika baadhi ya majimbo zikipakwa udongo mwekundu. Katika ukanda wa Saheli kunde zilichanganywa na majivu au mchanga ndani ya vyombo vya udongo. Katika Afrika Mashariki na ya Kati mikunde iliwekwa katika vibuyu, mitungi, vilindo na vihenge, au ikatundikwa kwenye uchaga juu ya meko ili moshi uikaushe na kuwafukuza wadudu, na ndani ya vyombo hivyo vilitiwa majivu, pilipili kavu, majani ya kivumbasi, tumbaku, au unga wa majani ya utupa, mmea uleule ambao wavuvi wa maziwa na mito waliutumia kuwalevya samaki. Mwaka 1980 Golob na Webley wa Taasisi ya Mazao ya Tropiki ya London walichapisha orodha ndefu ya mimea na madini ya namna hiyo kutoka nchi nyingi, na kazi yao ikawa mojawapo ya misingi ya watafiti waliofuata.

Majivu yenyewe yalikuja kupimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, ambao mwaka 1991 walionyesha kwamba ongezeko la fukusi wa kunde husimama ikiwa angalau sehemu tatu za majivu zimechanganywa na sehemu nne za kunde. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, kwa hiyo mdudu aliyetoka katika punje moja hushindwa kuifikia nyingine na kutaga. Kipimo hicho kikubwa kinaeleza kwa nini kiganja kimoja cha majivu juu ya gunia zima hakikuwahi kumfaa mtu, ilhali jirani yake aliyefukia kunde zake katika majivu tele ndani ya mtungi alikula kunde nzima hadi msimu uliofuata.

Pareto na enzi ya viwanda

Mmojawapo wa mimea ya kwanza kugeuka kuwa dawa ya wadudu ya biashara ya dunia ulikuwa pareto, ua jeupe la jamii ya alizeti lenye asili ya Dalmatia, katika pwani ya Adriatiki. Unga wa maua yake makavu uliuzwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, na mwaka 1924 wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya pairethrini, yaani viambato vya ua hilo vinavyoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha kwa dakika chache. Kilimo cha pareto kilianza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, kikaenea katika nyanda za juu za Tanganyika, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokatiza biashara ya Japani, iliyokuwa mzalishaji mkuu, Kenya ikashika nafasi hiyo. Hivyo mkulima wa Nakuru au wa Iringa aliuza nje mmea uliolinda maghala ya watu wa mbali, huku yeye mwenyewe mara nyingi akiendelea na majivu na moshi.

Pareto ilikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kwamba pairethrini huvunjika upesi katika mwanga na hewa, sifa inayomfaa mlaji na kumtesa mhifadhi. Baada ya vita ilichanganywa na piperonili butoksidi, kemikali inayomzuia mdudu kuivunja sumu hiyo mwilini mwake, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza waliunda pamethrini, ambayo umbo lake liliigwa kutoka kwa pairethrini lakini haiharibiwi upesi na mwanga. Wakati huo maghala yalikuwa yamekwisha kupokea dawa nyingine za viwandani. DDT, ambayo uwezo wake dhidi ya wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948, ilifuatwa na lindeni na malathioni, na unga wa dawa hizo ulikuwa wa bei nafuu, mwepesi kupima na wenye nguvu ya miezi mingi, kiasi kwamba mafunzo ya kilimo kwa miongo miwili hivi yalitaja mimea ya ghalani kama masalia ya ujinga.

Hukumu hiyo haikudumu. Mwandishi Rachel Carson alichapisha kitabu cha Silent Spring mwaka 1962 na kuonyesha jinsi sumu za kundi la DDT zinavyodumu katika mazingira na kujilimbikiza katika miili ya viumbe, wadudu wa nchi nyingi walionyesha usugu, na mwaka 2009 lindeni iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuondoa vichafuzi vinavyodumu. Kwa mikunde palikuwa na tatizo la ziada, kwamba chakula na mbegu vilitoka katika gunia moja, hivyo mama aliyepungukiwa chakula kabla ya mavuno hakuwa na pengine pa kuchota ila kwenye maharage yaliyopakwa sumu.

Mwarobaini katika maabara

Kurudi kwa mimea kulianza kwa mti ambao wakulima wa India hawakuwahi kuuacha. Mwaka 1959, nzige walipoivamia Sudan, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani Heinrich Schmutterer aliona kwamba miarobaini ilibaki na majani yake wakati mimea mingine imeliwa, na mwaka 1962 Pradhan, Jotwani na Rai wa India walichapisha taarifa kwamba mbegu za mti huo huwazuia nzige kula. Jotwani aliendelea na kazi hiyo pamoja na Sircar, na mwaka 1967 walichapisha majaribio yaliyohusu mikunde moja kwa moja: mbegu za mwarobaini zilizosagwa, kwa kiasi cha sehemu 1 hadi 2 kwa kila sehemu 100 za punje, zililinda kunde, choroko na dengu dhidi ya Callosobruchus maculatus kwa miezi mingi. Mwaka uliofuata Butterworth na Morgan, waliofanya kazi Uingereza, walitenga kiambato kilichopewa jina la azadiraktini, ambacho humfanya mdudu akatae chakula na huvuruga homoni zinazomwezesha buu kujivua ngozi na kukua. Umbo lake ni gumu kiasi kwamba kuliunda lote katika maabara kulikamilishwa mwaka 2007 tu, na kundi la Steven Ley wa Cambridge, baada ya miaka 22 ya kazi.

Ugunduzi huo ulisahihisha desturi kama ulivyoithibitisha. Azadiraktini imejikusanya zaidi katika kiini cha mbegu, ilhali wakulima wengi waliweka majani, ambayo ndiyo mepesi kupatikana mwaka mzima, na kwa hiyo matokeo yao yalibadilika sana kutoka kaya moja hadi nyingine. Afrika Mashariki iliingia katika mjadala huo kupitia ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Mkutano wa tatu wa kimataifa kuhusu mwarobaini ulifanyika Nairobi mwaka 1986, baada ya miwili ya kwanza kufanyika Ujerumani mwaka 1980 na 1983.

Umaarufu ulileta pia mgogoro wa umiliki. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, juu ya njia ya kuzuia kuvu kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva wa India, mwanasiasa wa Ubelgiji Magda Aelvoet na shirikisho la kilimo hai IFOAM walipinga, wakitoa ushahidi kwamba matumizi hayo yalijulikana India zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa Machi 2005. Ingawa kesi hiyo ilihusu kuvu, iliweka wazi kwamba maarifa ya wakulima ni elimu yenye tarehe na wenyewe, hata kama hayakuandikwa katika jarida.

Mafuta na yai

Wakati mwarobaini ulipokuwa ukichunguzwa, mbinu ya kupaka mafuta ilipata uthibitisho wake mwaka 1978 katika mabara mawili kwa pamoja. Van Schoonhoven wa kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT nchini Kolombia alionyesha kwamba mafuta ya kula hulinda maharage dhidi ya Zabrotes, na Singh na wenzake wa kituo cha IITA mjini Ibadan, Nigeria, waliripoti kwamba mililita 5 za mafuta ya karanga kwa kilo 1 ya kunde hutosha kumzuia fukusi wa kunde. Maelezo ya sababu yalitolewa mwaka 1992 na Peter Credland wa Uingereza, aliyechunguza maumbile ya mayai ya wadudu hawa na kupendekeza kwamba yai lililobandikwa juu ya punje hutegemea kijifaneli kidogo kwenye ncha yake kwa kupitisha hewa, na mafuta yakiziba njia hiyo kijidudu kilichomo ndani hufa kabla ya kupekecha.

Hapo tofauti ya utagaji kati ya spishi ilipata maana ya vitendo. Mafuta huwa na nguvu zaidi pale ambapo yai limegandishwa juu ya punje iliyopakwa, lakini hayamfikii kwa urahisi buu aliyekwisha kuingia ndani, kwa hiyo punje zinazopakwa wiki kadhaa baada ya kuvunwa huendelea kutoa wadudu waliokuwamo, na mkulima hudhani kwamba dawa imeshindwa. Mafuta yana gharama nyingine pia, kwa kuwa huchacha, hubadilisha harufu ya chakula na, yakizidi, huweza kupunguza uotaji wa mbegu.

Harufu inayopita na mmea unaodanganya

Kundi jingine la mimea hufanya kazi kwa mvuke wa mafuta yake mepesi. Nchini Rwanda, ambako maharage ni chakula cha kila siku, wakulima walizoea kuweka majani makavu ya kivumbasi cha spishi ya Ocimum canum katika chakula kilichohifadhiwa, na mwaka 1991 Weaver na Dunkel, pamoja na mtafiti Mnyarwanda Ntezurubanza na wenzao, walichapisha utafiti uliomtambua mlinzi mkuu wa chakula hicho kuwa linaluli, kiambato kikuu cha mmea huo unapokuwa umesagwa karibuni. Kwa kuwa linaluli hupotea hewani, unga uliosagwa mapema na kuachwa wazi hubaki na rangi bila nguvu. ICIPE ilikuwa na mkondo wa utafiti unaofanana na huo, ambapo mwanakemia Ahmed Hassanali na wenzake walipima spishi nyingine za kivumbasi dhidi ya wadudu wa nafaka. Nchini Senegali, Dogo Seck na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba majani na matunda ya kichaka cha Boscia senegalensis, yakipondwa, hutoa gesi kali ya jamii ileile inayoipa haradali ukali wake, nao baadaye wakaunganisha mmea huo na vyombo visivyopitisha hewa ili kulinda kunde.

Mwaka 2009 Paul, Lossini, Edwards na Hilbeck walichapisha majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania juu ya mimea minne inayopatikana huko dhidi ya fukusi wawili wa maharage, na umuhimu wa kazi hiyo ulikuwa katika kupima mimea hiyo maabara na pia katika mazingira ya wakulima wenyewe. Somo lililo zito zaidi lilitoka Malawi mwaka 2012, pale Stevenson, Belmain na wenzao walipochunguza utupa, Tephrosia vogelii, na kukuta kwamba mimea inayofanana kwa macho ilikuwa ya aina mbili za kikemia: moja ilikuwa na rotenoidi, yaani sumu za kundi la rotenoni zinazoua wadudu, na nyingine haikuwa nazo wala haikuwadhuru. Baadhi ya wakulima walikuwa wamepanda, wamevuna, wamekausha na kusaga mmea usio na dawa, na kushindwa kwao hakukutokana na uvivu wala imani potofu, bali na mbegu waliyopewa.

Mipaka ya dawa ya asili

Historia hiihii inakanusha dhana kwamba kinachotoka katika mmea hakina madhara. Nikotini ya tumbaku ni sumu kwa binadamu kama ilivyo kwa mdudu. Rotenoni ya utupa ilisababisha dalili za ugonjwa wa Parkinson kwa panya wa maabara katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Na mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa. Mmea wa ghalani unahitaji kipimo, kama dawa nyingine yoyote, na unahitaji kutofautisha maharage ya mbegu na maharage ya chungu.

Wakati huohuo ile sehemu ya mwisho ya maelekezo ya Columella, chombo kilichozibwa, ilipata umbo jipya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Larry Murdock wa Purdue, akishirikiana na watafiti wa Kamerun, alitengeneza njia ya kuhifadhi kunde katika mifuko miwili ya plastiki iliyowekwa ndani ya mfuko wa tatu, teknolojia iliyosambazwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007 kwa jina la PICS na ambayo imefika pia Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Ndani ya mfuko wadudu wenyewe hutumia oksijeni hadi ikapungua, wakaacha kula, na mwaka 2012 kundi hilo lilieleza kwamba hufa kwa ukavu, kwa kuwa mdudu wa punje kavu hupata maji yake kwa kuchoma chakula kwa oksijeni. Mfuko huo hauachi sumu katika chakula, lakini unatoboka, unagharimu fedha, na humsaidia kidogo mwenye kilo chache anazozifungua kila jioni kwa ajili ya mboga.

Kwa hiyo mimea haijapoteza kazi yake, na maafisa ugani hawana sababu ya kuidharau wala kuisifu ovyo. Wanachopaswa kumfikishia mkulima ni maelekezo yanayotaja mambo bayana: avune mapema maganda yakikauka, aanike, achambue punje zilizobunguliwa, ahifadhi ndani ya siku chache, atumie kiini cha mbegu ya mwarobaini badala ya jani, asage kivumbasi siku ya kukitumia, apake mafuta kunde kabla mayai hayajaanguliwa, azidishe majivu, aache tumbaku na utupa mbali na maharage ya kula, na mbegu za utupa azitoe kwenye mmea uliokwisha kupimwa. Vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki vinao ujuzi na maabara ya kupima mimea hiyo. Ambacho bado hakijafanyika vya kutosha ni kuyarudisha matokeo hayo, kwa lugha ambayo wahifadhi wanaisoma, katika kaya ambazo ndizo zilizoyaanzisha.